Chumo la Uani: Kazi za Nyumbani na Mali ya Mwanamke katika Mji wa Unguja, 1897–1990

Utangulizi

Karafuu imeandikwa katika historia ya Zanzibar kuliko zao au bidhaa nyingine yoyote. Bei zake, mavuno yake, madeni ya wenye mashamba na ushuru uliotozwa bandarini vimehifadhiwa katika ripoti za kila mwaka, na wanahistoria wamevitumia kueleza karibu kila badiliko la visiwa hivi. Mwanamke aliyekaa uani akishona kofia, akisuka ukili au akikaanga vitumbua vya kuuza hakuacha kumbukumbu za namna hiyo. Bidhaa yake haikupimwa forodhani. Mnunuzi wake hakuandikiana naye mkataba. Yeye mwenyewe, alipoulizwa kazi yake, aghalabu alijibu kuwa hana kazi, yuko nyumbani tu.

Makala haya yanachunguza chumo hilo lisiloandikwa, yaani kipato cha ziada kilichopatikana kwa kazi halali iliyofanyiwa nyumbani, katika Mji Mkongwe, katika mitaa ya Ng'ambo na, pale inapolazimu, katika vijiji vya mashariki na kusini mwa kisiwa cha Unguja. Hoja yake ni kwamba chumo la uani halikuwa fedha ya kupitishia wakati. Lilikuwa mali yenye mwenyewe, na umiliki huo ulitegemea mambo mawili: kanuni ya sheria iliyompa mke mamlaka juu ya mali yake, na miguu ya watu wengine iliyoipeleka bidhaa sokoni. Kanuni ilimlinda; miguu ilimpunguzia. Kila mara moja kati ya mambo hayo mawili lilipobadilika, fedha ile ilibadilika matumizi, na mara nyingine ilibadilika mwenyewe.

Mali ya mke na wajibu wa mume

Waislamu wengi wa Unguja hufuata madhehebu ya Shafi, ilhali ukoo wa masultani na sehemu ya Waarabu wa asili ya Oman walikuwa Maibadhi. Katika madhehebu zote mbili, mume ndiye anayewajibika kumlisha mkewe, kumvisha na kumpa makazi, hata kama mke ni tajiri kuliko yeye. Mahari ni ya mke. Urithi alioupata kwa wazazi wake ni wake. Vivyo hivyo alichokichuma kwa mikono yake ni chake, na mume hana haki ya kukidai kwa sababu tu kazi ilifanyiwa chini ya paa lake.

Kanuni hii haikubaki vitabuni. Mahakama za kadhi ziliendelea kufanya kazi chini ya utawala wa Waingereza baada ya 1890, na zinaendelea hadi leo. Watafiti waliokaa katika mahakama hizo mwishoni mwa karne ya 20 walikuta kwamba wadai wengi ni wanawake, na kwamba madai yao mengi yanahusu mume aliyeacha kutimiza wajibu wa matunzo. Mwanamke wa Unguja, msomi au asiyesoma, alijua kuwa kuna mlango wa kubisha hodi.

Hata hivyo, sheria na jiko havikulingana siku zote. Mke mwenye fedha ya kofia hakukaa akitazama chungu kikiwa kitupu kwa kuwa tu kisheria si wajibu wake. Alitoa. Alichokitoa kikaitwa kusaidia, wala hakikuitwa kulisha, na tofauti hiyo ya maneno haikuwa ndogo. Maadamu ni msaada, mwenye kutoa alibaki mwenye mali, na mume alibaki mwenye wajibu. Ilipofika mahali msaada ukawa wa kila siku, maneno yaliendelea kuwa yaleyale huku hali ikiwa nyingine kabisa.

Fedha iliyobaki ilihifadhiwa katika vitu vinavyoonekana. Dhahabu ilitangulia: bangili, vipuli na vidani, vilivyovaliwa siku ya harusi na kuwekwa rehani siku ya dhiki. Kanga zilifuata, zikitunzwa kwa jozi ndani ya kasha. Upatu nao uliwawezesha wenye chumo dogo kupata fungu kubwa kwa zamu, kila mmoja akitoa kiasi kilekile kwa muda waliokubaliana. Upatu haukuhitaji benki wala kujua kusoma. Ulihitaji kuaminiana, na aliyeuvunja alijulikana mtaa mzima.

Ipo pia sura nyingine ya nyumba za mawe ambayo haifai kufichwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kuwa kazi ya sindano na utarizi ilikuwa miongoni mwa shughuli za mabibi wa nyumba za kifalme. Katika nyumba hizohizo kulikuwa na vijakazi. Mjini walikuwapo pia watumwa wa kibarua, waliotumwa kufanya kazi za ujira nje na kurudi na sehemu ya ujira huo kwa bwana au bibi. Mikono ya namna mbili ilifanya kazi chini ya paa moja, na kwa mmoja wao kanuni ya mali haikuwa na maana, kwa kuwa yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali.

Ng'ambo baada ya 1897

Amri ya kufuta utumwa ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897. Haikumweka huru kila mtu siku hiyohiyo. Mtumwa alipaswa kwenda kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Kwa wanawake, kwa hiyo, uhuru ulikuja kidogokidogo, na wengi walioupata walielekea mjini. Hawakuishi katika nyumba za mawe. Walivuka mkono wa bahari uliotenganisha mji na ng'ambo yake, wakajenga vibanda vya miti, udongo na makuti.

Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake hao walivyojijenga upya kwa mavazi, muziki, nyumba na ujirani. Kwa makala haya, jambo la kuzingatiwa ni nyumba. Kibanda cha Ng'ambo kilikuwa makazi, na papo hapo kilikuwa chombo cha kuchumia. Mwanamke aliyejenga vyumba viwili alilala kimoja na kukipangisha cha pili. Alipoweza kuongeza cha tatu, alipata kodi ya watu wawili. Ukumbini alisuka ukili, uani alipika, na barazani alitandaza vyakula vilivyopikwa. Kwa mjane au mtalaka asiyekuwa na ukoo kisiwani, kodi ya chumba ilikuwa ndiyo kinga ya uzee.

Kinga hiyo ilikuwa na ufa. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi chini yake mara nyingi ilikuwa ya mwingine, ikiwamo ardhi ya wakfu. Wamiliki walipoanza kudai na kupandisha kodi ya ardhi katika miaka ya 1920, fedha ya ukili na ya vitumbua ilianza kuishia mikononi mwa mwenye kiwanja. Mgomo wa kodi ya ardhi wa mwaka 1928, ambao wakaazi wa Ng'ambo walikataa kulipa na wakapambana na serikali, umeelezwa zaidi kama tukio la kisiasa. Ulikuwa hivyo. Lakini ukitazamwa kutoka uani ulikuwa pia ugomvi juu ya nani hasa ale chumo la mwanamke aliyekuwa ametoka utumwani miaka 20 au 30 iliyopita. Yeye alikwisha kuona mara moja jasho lake likigawanywa na bwana. Haishangazi kwamba wanawake walikuwa mbele katika mgomo huo.

Mfano unaojulikana kuliko yote wa mwanamke aliyeanzia kwenye chumo la nyumbani ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya watumwa. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye akawa mchuuzi wa vyungu, akivitembeza huku akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wanaomwandika Siti huvutwa na sauti, na ni haki yao. Chungu, hata hivyo, kina somo lake. Kilifinyangwa nyumbani, lakini thamani yake ilipatikana njiani, kichwani mwa mtu anayetembea. Siti alikuwa na uhuru wa kutembea ambao mwanamke wa nyumba ya mawe hakuwa nao.

Kofia na miguu ya wengine

Utawa ulikuwa alama ya heshima katika Mji Mkongwe. Mwanamke wa nyumba yenye jina hakuonekana sokoni mchana. Alitoka jioni, akiwa amejifunika, kwenda kwa jamaa, harusini au matangani. Kwa hiyo kazi iliyomfaa ni ile iliyoweza kufanywa kimya, kuachwa na kurudiwa, na kubebwa kwa mkono mmoja hadi kwa jirani. Hakuna kazi iliyotimiza masharti hayo kuliko kofia.

Kofia ya mkono ina vipande viwili vikuu: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa cheupe hukunjwa tabaka, mchoro huwekwa juu yake, kisha vitundu vidogo hutobolewa kwa kufuata mchoro huo na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kingo zake zisimame imara. Vitundu hivyo hupitisha hewa kichwani, na mpangilio wake ndio urembo wa kofia. Kofia nzuri ina mamia kwa mamia ya vitundu, na mshonaji mwenye watoto na chungu motoni huweza kuichukulia miezi. Aghalabu si mtu mmoja anayeifanya yote: mmoja ana mkono wa kuchora, mwingine wa kushona, na mwingine wa kuunganisha duara na ukanda. Wanaume pia walishona, wengi wao barazani baada ya kazi, na hakuna aliyewacheka. Uani, hata hivyo, ndiko kofia nyingi zilikoanzia.

Bei iliamuliwa na wembamba wa kazi na usafi wake. Kofia iliyochafuka kwa jasho la mikono ilipoteza thamani, ndiyo maana mshonaji aliifunga katika kipande cha nguo safi na kuitoa pale tu alipokaa kushona. Watoto wa kike waliingizwa katika kazi hii mapema kwa kupewa sehemu rahisi. Shule ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini mwaka 1927, kazi ya sindano iliingizwa katika masomo yake, na wazazi waliokuwa na wasiwasi juu ya kuwapeleka binti zao shuleni hawakuwa na ugomvi na somo hilo.

Kilichomuumiza mshonaji ni hatua ya mwisho. Kofia ilipokamilika haikuweza kujipeleka dukani. Ilipelekwa na mwana, mume, ndugu au mwanamke mzee ambaye umri wake ulimruhusu kupita popote. Kila aliyebeba alikuwa na bei aliyoambiwa dukani na bei aliyoitaja aliporudi. Si lazima kudhani kuwa wote walidanganya. Inatosha kwamba mwenye kazi hakuwa na njia ya kujua. Mwenye duka naye alijua kuwa aliyeleta kofia hawezi kurudi nayo mara tatu bila kuuza, maana nyumbani kuna shida iliyomtuma.

Vyakula vilitegemea miguu ya watoto. Mwanamke aliamka kabla ya alfajiri, akakaanga maandazi au vitumbua, na mtoto akazunguka vichochoroni na sinia kabla ya kwenda chuoni. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mavuno: kaimati, sambusa, visheti na mkate wa kumimina vilitoka katika nyumba ambazo miezi mingine hazikuuza kitu. Katika biashara hii bei ilijulikana na kila mtu, hivyo mama hakudhulumiwa kwa urahisi. Gharama yake ilikuwa ya namna nyingine, kwa kuwa mtoto aliyechelewa chuoni kwa sababu ya sinia hakuhesabiwa popote.

Huko mashamba, msimu wa karafuu nao uliingia nyumbani. Karafuu zilizochumwa mchana zilichambuliwa usiku kutoka kwenye vikonyo vyake, familia nzima ikiwa imeketi kwenye jamvi, na makonyo yenyewe yaliuzwa kwa ajili ya mafuta. Ni mahali pachache ambapo zao kubwa na chumo dogo vilikaa juu ya jamvi moja, ingawa ripoti ziliona upande mmoja tu.

Miaka ya upungufu

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili umiliki wa ardhi, nyumba na biashara. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, wenyewe wengi waliondoka, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikahamia katika vyumba vya nyumba hizo. Uani uliokuwa wa ukoo mmoja ukawa wa familia tano au sita zisizojuana. Utawa wa zamani haukuweza kuishi katika mazingira hayo, na pamoja nao ilikwenda sehemu ya fedheha ya mwanamke kuonekana akiuza.

Ingetarajiwa kuwa chumo la uani lingestawi. Halikustawi, kwa sababu malighafi ilikosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei nzuri katika soko la dunia, lakini uagizaji wa vyakula na bidhaa ulibanwa, na mchele, unga na sukari viligawiwa kwa mgao. Mpika maandazi hawezi kupika maandazi ya kuuza kwa unga wa mgao bila kuwanyima wanawe. Akinunua unga wa magendo, kazi yake ya halali imekwisha kupakana na kosa. Kitambaa na uzi wa kofia navyo viliadimika. Neno halali, ambalo kwa muda mrefu lilitenganisha chumo safi na chumo la aibu, lilianza kupimwa kwa mizani ya foleni ya duka.

Wakati huohuo mlango mwingine ulifunguliwa mbali. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya huko walikwenda kuishi Muscat na miji mingine. Walikwenda na mapenzi ya kofia. Kofia ya Oman, iitwayo huko kuma, ina undugu wa karibu na kofia ya pwani ya Afrika Mashariki, na Waomani wengi wanakiri kwamba ilifika kwao kupitia Zanzibar. Kwa hiyo mshonaji wa Unguja alipata mteja mwenye fedha nzuri kuliko yeyote aliyewahi kumpata Darajani, lakini mteja aliye mbali zaidi. Miguu ya mtoto wa jirani haikutosha tena. Ilihitajika safari, na jamaa wa kupokea mzigo upande wa pili. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar mwaka 1984, uzi na kitambaa vilirudi madukani na njia ya Oman ikawa nyepesi. Waliofaidi kwanza ni waliokuwa na ndugu Muscat. Wasiokuwa na ndugu waliwauzia waliokuwa nao, na tofauti ya bei kati ya uani wa Unguja na soko la Muscat ilibaki kwa waliosafiri.

Mwani na kalamu ya kampuni

Katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, chumo la wanawake kabla ya 1989 lilikuwa usumba na ukili. Makumbi ya nazi yalifukiwa pwani penye maji kupwa na kujaa, yakaachwa miezi mingi yaoze, kisha yakafukuliwa, yakapondwa kwa vipande vya mti na kusokotwa kamba. Ni kazi ya mgongo na ya harufu, na bei ya kamba ilikuwa ndogo. Wakati wa joto la mchana waliingia ndani au chini ya mti na kusuka ukili wa mikeka, kwa kuwa mkono haupumziki pamoja na mgongo.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika vijiji hivyo viwili, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao jina la Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haliwezi kutengwa nao. Waliouchukua kwa wingi ni wanawake. Mwani haukulimwa uani, ulifungwa kwenye kamba zilizotandazwa baharini kati ya vigingi. Lakini ulianikwa uani, ulifungwa mbegu uani, na ulihesabiwa na wenyewe kuwa kazi ya aina ileile ya usumba, inayofanywa baina ya kupika na kulea, kwa kufuata bamvua.

Jambo moja lilikuwa jipya kabisa. Mnunuzi alikuja kijijini. Mwanamke alibeba mwani wake mkavu hadi kwenye mizani, akauona ukipimwa, akasikia kilo zikitajwa na akapokea fedha mkononi mwake, bila mwana, mume wala mzee wa kati. Katika miaka ya mwanzo wanawake wa Paje walionekana wakinunua vitanda, vyombo, kanga na sare za shule, na wengine wakaanza kujenga. Wapo wanaume waliokasirika, na wapo waliopunguza masurufu kwa kusema kuwa mke sasa ana mwani. Kauli hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa hatari zaidi, kwa sababu haikugusa kazi ya mwanamke. Iligusa kanuni iliyoifanya kazi hiyo kuwa yake. Kijiji kizima kilipokwisha kujua kiasi alichopokea, kile kilichoitwa msaada kwa karne nzima kilianza kudaiwa kama wajibu.

Bei haikuwa mikononi mwake. Iliwekwa na kampuni zilizouza nje, nazo zilifuata soko lililokuwa mbali na Jambiani kuliko Muscat ilivyo mbali na Darajani. Lakini kwa mara ya kwanza chumo lake liliandikwa: kilo, tarehe na jina, katika daftari la mnunuzi lililowekwa juu ya meza ndogo kando ya mizani.